Beijerinck: Mtoto wa mfanyabiashara wa tumbaku aliyevumbua siri ya virusi

MKULIMA wa nyanya anayepiga dawa kila wiki huku majani yakizidi kuwa na mabaka ya njano na kujikunja, huenda anapoteza fedha bure. Ikiwa ni virusi, hakuna dawa ya kuponya mmea. Mholanzi Martinus Beijerinck ndiye aliyefungua njia ya kuelewa kwa nini.

Alizaliwa Amsterdam Machi 16, 1851. Baba yake aliuza tumbaku, lakini biashara ilifilisika Martinus akiwa mtoto, na mzee akaajiriwa ukarani katika kampuni ya reli.

Baada ya masomo ya kemia na mimea, Beijerinck alifundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen. Mwenzake hapo, Adolf Mayer, alikuwa akichunguza ugonjwa wa batobato uliowatia hasara wakulima wa tumbaku. Mayer aligundua kuwa maji yaliyokamuliwa kwenye jani gonjwa huambukiza mmea mzima. Walitafuta bakteria, wasione kitu.

Mwaka 1885 Beijerinck alihamia kiwanda cha hamira mjini Delft. Akiwa huko, mwaka 1888, alitenga bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde. Mwaka 1895 akawa profesa, na swali la tumbaku likamrudisha kazini.

Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alikuwa amechuja maji ya jani gonjwa kwa kauri inayozuia bakteria, na bado yakaambukiza. Beijerinck alipata matokeo hayo hayo mwaka 1898, ila akaenda mbali zaidi: alisema kimelea hicho si bakteria, na huongezeka ndani ya mmea ulio hai tu. Akakiita virusi.

Hakuoa, maisha yake yalikuwa maabara. Alistaafu mwaka 1921 na kufariki Januari 1, 1931, miaka minane kabla ya hadubini ya elektroni kuonesha virusi hivyo.

Kwa kuwa virusi huishi ndani ya mmea wenyewe, kinga ndiyo tiba. Panda mbegu zinazostahimili, ng'oa na kuchoma miche gonjwa mapema, na dhibiti inzi weupe na vidukari wanaoeneza baadhi ya virusi. Batobato ya tumbaku huhamia nyanya na pilipili kwa mikono: nawa kwa sabuni, na usivute sigara kitaluni.