Kusema Bila Woga na Bila Matusi

Mtu asafiriye katika wilaya za Mbeya na Iringa husalimiwa mara nyingi kabla hajafika aendako. Wahehe watamwambia Kamwene, Wanyakyusa watamwambia Ugonile, na mtoto aliyelelewa vema atapiga goti mbele ya mkubwa. Desturi hiyo ni njema, wala hatupendi ipotee. Walakini twaona jambo moja la kusikitisha: wengi waliofundishwa kunyamaza mbele ya wazee wamejifunza pia kunyamaza mbele ya kila mtu aketiye nyuma ya meza. Mama amerukwa zamu yake dirishani, naye hasemi neno. Akirudi nyumbani, hasira yake huwaangukia watoto. Na wale wachache wasemao, wengi wao hawajui kusema ila kwa kelele na matusi, kana kwamba haki haisikiki mpaka sauti ipande.

Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyeona mjini Mbeya kwamba yapo maneno ambayo si kimya wala si ugomvi.

Nelson Mandela alizaliwa tarehe 18 Julai 1918 katika kijiji cha Mvezo, Afrika ya Kusini, katika ukoo wa kitawala wa Wathembu. Baba yake alipofariki, mtoto alichukuliwa na mtawala Jongintaba, akalelewa kwake huko Mqhekezweni. Hapo ndipo alipopata shule yake ya kwanza ya kusema, nayo ilikuwa shule ya kusikiliza. Watu walipokutana barazani kila mwanamume aliruhusiwa kutoa shauri lake, maskini sawa na tajiri, mwenye hoja sawa na mwenye kupayuka. Mtawala mwenyewe, hata aliposhutumiwa usoni pake, alikaa kimya akasikiliza hadi jua likaribie kuchwa, ndipo akayakusanya maneno ya wote. (Wanawake hawakuwa na sauti katika baraza lile, na haifai tuifiche habari hiyo.)

Baadaye alisoma katika chuo cha Fort Hare, akaenda Johannesburg mwaka 1941, akajifunza sheria, na mwaka 1952 akafungua ofisi ya uwakili pamoja na rafiki yake Oliver Tambo. Alikuwa hodari wa kusema mahakamani. Hata hivyo wakili huyo, atokapo mahakamani, alikuwa mtu wa kuingia kwa mlango wa weusi na kukaa kwenye benchi la weusi. Mtu aishiye hivyo kila siku huzoea mojawapo ya mambo mawili, kuinamisha kichwa au kukunja ngumi. Mwezi wa Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville, na siku chache baadaye chama chake, ANC, kikapigwa marufuku.

Basi mwezi wa Januari 1962 Mandela alitoroka nchini kwake kwa siri, akapita Bechuanaland, na kutoka huko akapanda ndege ndogo kuja Tanganyika. Safari ilikuwa ya hatari. Milima yetu ilifunikwa na mawingu, rubani akaita Mbeya kwa redio bila kujibiwa, wakawa wakirushwa huku na huku katika ukungu. Walifika salama, wakaenda hotelini. Tanganyika wakati huo ilikuwa na mwezi mmoja tu na siku chache tangu kupata uhuru wake.

Kwenye baraza ya hoteli Mandela aliwakuta watu weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza, jambo ambalo hakupata kuliona mahali pa watu wote. Alikuwa akimngoja Bwana Mwakangale, mbunge wa TANU. Kumbe mbunge alikwisha kuja kuwaulizia wageni wake, lakini bibi wa Kizungu wa mapokezi hakuwapa habari. Mwafrika mmoja, mgeni kama wao katika hoteli ile, akamwendea bibi yule. Kwanza alimwuliza kama ni kweli Bwana Mwakangale aliwaulizia mabwana hawa. Bibi akakubali, akaomba radhi kwamba alisahau. Ndipo yule Mwafrika akamwomba awe mwangalifu, kwa kuwa watu hawa ni wageni wa nchi na yafaa watunzwe ipasavyo. Alisema kwa adabu, lakini kwa neno lililokaza. Basi, yalikwisha.

Twaomba msomaji aitazame habari hii kidogo. Mtu yule aliuliza kabla ya kulaumu. Hakumwita bibi yule mvivu wala mbaguzi, bali alilitaja kosa lenyewe, na kisha akaeleza anachotaka kifanyike. Wala hakungoja akafika nyumbani ndipo amwambie mkewe jinsi alivyochukizwa. Mandela aliyekuwa akitazama alieleza baadaye kwamba saa ile ndipo alipojua hakika kuwa yumo katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwa mara ya kwanza maishani akajiona mtu huru.

Kesho yake akaendelea na safari hadi Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Wapigania uhuru wengi walizijua nyanda hizi baada yake, na kambi ya Mgagao katika Iringa iliwapokea watu wa Zimbabwe na wa Afrika ya Kusini. Yeye mwenyewe alirudi kwao mwezi wa Julai, na tarehe 5 Agosti 1962 akakamatwa.

Mwaka uliofuata alipelekwa mara ya kwanza katika gereza la kisiwa cha Robben. Askari waliwapigia wafungwa kelele za kuswaga ng'ombe ili wakimbie. Mandela na mwenzake mmoja wakatangulia mbele ya wenzao, wakatembea polepole. Kisha ofisa mmoja akamjia kana kwamba atampiga. Mandela akamwambia kwamba akimgusa tu, atampeleka mbele ya mahakama kubwa kuliko zote nchini, na atatoka huko fukara. Ofisa akasita. Wengine hudhani kwamba mtu wa namna hiyo hana hofu, walakini Mandela mwenyewe alikiri kwamba alikuwa na hofu kubwa, ila hakuionyesha.

Alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 12 Juni 1964. Gerezani alijifunza lugha ya Makaburu, na mwenzake mmoja alipobisha kwamba hiyo ni lugha ya mdhalimu, alimjibu kuwa hawezi kushindana na mtu asiyemfahamu. Mwaka 1985 Rais Botha alitaka kumfungua kwa masharti, naye akakataa. Jibu lake lilisomwa na binti yake Zindzi mbele ya watu huko Soweto. Mwaka huo huo, hata hivyo, akaanza kutafuta mazungumzo na serikali ile ile aliyoikatalia.

Alitoka kifungoni tarehe 11 Februari 1990. Mwezi wa Desemba 1991, katika mkutano wa vyama vyote, Rais de Klerk alipewa nafasi ya kusema mwisho, akaitumia kukishutumu ANC. Mandela alipanda jukwaani mara moja, akamkemea mbele ya nchi nzima. Maneno yalikuwa makali, pengine makali mno kwa siku ile. Lakini aliyasema mbele ya mwenyewe, na kesho yake wakapeana mikono, mazungumzo yakaendelea. Mwaka 1994 akawa Rais, akaondoka kwa hiari yake mwaka 1999. Alifariki tarehe 5 Desemba 2013, mwenye umri wa miaka 95, akazikwa Qunu.

Katika safari ile ya mwaka 1962 alikutana na wakuu wengi wa Afrika, akiwemo Haile Selassie wa Ethiopia. Kitabu cha maisha yake kilipotolewa mwaka 1994, aliwaandika humo. Na pamoja nao akamwandika, bila kumtaja jina, yule mgeni wa hoteli ya Mbeya aliyemwendea bibi wa mapokezi.