Ludwig Senfl, Mnakili wa Kwaya ya Kaizari

Kila kwaya ina yule mtu wa kuandika noti. Wengine wakishalala, yeye yuko mezani na kalamu. Ukurasa huu tumempa mmoja wao wa zamani.

Ludwig Senfl alizaliwa karibu mwaka 1490, yasemekana ni Basel, Uswisi. Akiwa bado mtoto aliingia kwaya ya Kaizari Maximilian wa Kwanza, ambako sauti za juu ziliimbwa na wavulana (kina mama wa soprano watusamehe). Kaizari hakutulia mji mmoja, na waimbaji walisafiri naye.

Mtunzi mkuu pale alikuwa Heinrich Isaac, naye akawa mwalimu wa Senfl. Sauti ya kijana ilipovunjika, alipewa kazi ya kunakili. Fotokopi haikuwapo. Waimbaji walisimama kuzunguka kitabu kimoja kikubwa, kila sauti ikiwa na sehemu yake katika kurasa mbili zilizofunuliwa. Mnakili akikosea noti moja, kwaya yote inapotea. Senfl alijaza kurasa kwa kurasa za kazi ya mwalimu wake, na nadhani huko ndiko alikojifunza utunzi, kuliko darasani.

Isaac alifariki Florence mwaka 1517, na Senfl akashika nafasi yake. Karibu wakati huo alipoteza kidole cha mguu katika ajali ya uwindaji. Msiba mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1519, Kaizari alipofariki. Mjukuu wake, Karolo wa Tano, aliwaachisha kazi wengi wa waimbaji. Senfl alikuwa ameahidiwa malipo ya kila mwaka, hakuyapata. Mtu aliyeimba pale tangu utotoni akabaki kutafuta kazi.

Mwaka 1523 akapokelewa Munich na Mtawala Wilhelm wa Bavaria, Mkatoliki mwenye msimamo mkali. Hata hivyo, mwaka 1530 Martin Luther, ambaye wakati huo alikuwa amepigwa marufuku na Kaizari, alimwandikia Senfl barua kumwomba amtungie wimbo kutokana na maneno ya mwisho ya Zaburi ya 4, yale ya kulala kwa amani. Barua ya namna hiyo ingeweza kumletea mpokeaji taabu. Luther aliijua hatari hiyo, akaandika tu.

Lakini kazi iliyomkalia Senfl moyoni ilikuwa ya mwalimu wake. Mwaka 1508 kanisa kuu la Konstanz lilikuwa limemwagiza Isaac nyimbo za misa za sikukuu. Mkusanyo huo ulikua hadi nyimbo zaidi ya 300, na Isaac alikufa kabla ya kuumaliza. Senfl alizikamilisha zilizobaki. Yeye naye alifariki Munich karibu mwaka 1543, bila kuziona zikichapwa. Zilitoka Nuremberg kati ya 1550 na 1555, vitabu vitatu, na jina la mtunzi lililowekwa mbele ni la Isaac.