Margherita: Malkia aliyeachia mkate wa maskini jina lake

MSAFIRI anayeketi mkahawani mjini Napoli, Malindi au Nairobi na kuagiza piza aina ya Margherita hutamka, pengine bila kujua, jina la malkia wa kwanza wa Italia iliyoungana.

Margherita wa ukoo wa Savoia alizaliwa mjini Torino, kaskazini mwa Italia, mnamo Novemba 20, 1851. Babake, Mwanamfalme Ferdinando, alifariki binti huyo akiwa na umri wa miaka mitatu pekee.

Mnamo Aprili 22, 1868, akiwa na miaka 16, aliozwa binamu yake Umberto, mrithi wa kiti cha ufalme. Ndoa hiyo ilifungwa kwa maslahi ya ufalme zaidi ya mapenzi. Kwa miaka mingi Umberto aliendeleza uhusiano na mwanamke mwingine, naye Margherita akabaki kutimiza wajibu wake hadharani.

Taifa lenyewe lilikuwa changa. Ufalme wa Italia ulikuwa umetangazwa mwaka wa 1861, ukiyaunganisha maeneo yaliyotofautiana kwa lahaja, desturi na hata mapishi. Napoli, uliokuwa mji mkuu wa ufalme wa kusini, ulihitaji kubembelezwa. Ndipo wanandoa hao wakaenda kuishi huko, na mwana wao wa pekee, Vittorio Emanuele, akazaliwa mjini humo Novemba 11, 1869.

Umberto alitawazwa Januari 1878. Miezi michache baadaye, Novemba 17, alizuru Napoli pamoja na mkewe na mwanawe. Wakiwa garini, mpishi mmoja kwa jina Giovanni Passannante alimrukia mfalme kwa kisu. Mfalme alipata jeraha dogo, ilhali Waziri Mkuu Benedetto Cairoli aliumia alipokuwa akimkinga.

Licha ya tukio hilo, Margherita hakuupa mji huo kisogo. Inasimuliwa kwamba mnamo Juni 1889, walipokuwa wakipumzika katika kasri la Capodimonte, mwokaji Raffaele Esposito aliitwa amwandalie malkia piza. Wakati huo piza ilikuwa chakula cha makabwela wa Napoli, iliyouzwa vichochoroni na kuliwa kwa mkono.

Esposito aliandaa aina tatu. Iliyompendeza malkia zaidi ilikuwa na nyanya, jibini ya mozarela na majani ya mrehani, yaani rangi nyekundu, nyeupe na kijani za bendera ya taifa. Mwokaji huyo akaipa jina la mgeni wake.

Wanahistoria wameitilia shaka barua ya Juni 11, 1889 inayotajwa kuwa ushahidi wa kisa hiki. Aidha, viungo hivyo vilikuwa vikitumiwa Napoli miongo kadhaa kabla ya hapo. Hata hivyo, jina lilishika.

Lakini kula mkate wa maskini si sawa na kuyajua machungu yao. Mnamo mwaka wa 1898, mavuno hafifu pamoja na vita kati ya Marekani na Uhispania vilipandisha bei ya nafaka, na mkate ukawa ghali kupindukia. Wananchi waliandamana katika miji mingi. Mjini Milano, Jenerali Fiorenzo Bava Beccaris aliamuru wanajeshi kuwafyatulia waandamanaji risasi na hata mizinga. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, watu wapatao 80 waliuawa. Mfalme Umberto akamtunuku jenerali huyo nishani.

Nishani hiyo iligharimu maisha. Gaetano Bresci, mfumaji aliyekuwa amehamia Marekani, alirejea Italia kulipiza kisasi. Alimpiga mfalme risasi mjini Monza mnamo Julai 29, 1900. Margherita akawa mjane akiwa na umri wa miaka 48.

Malkia huyu alipenda milima. Mnamo 1893 alipanda Monte Rosa hadi kwenye kibanda cha wapandaji kilichojengwa mita 4,554 juu ya usawa wa bahari, nacho kikaitwa kwa jina lake. Kisha mnamo 1906, mpwa wa marehemu mumewe, Luigi Amedeo, aliongoza msafara uliofika kilele cha juu zaidi cha Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Congo. Alikiita Margherita. Kilele hicho chenye urefu wa mita 5,109 kingali na jina hilo.

Katika uzee wake alivutiwa na vuguvugu la Benito Mussolini, jambo linalotia doa kumbukumbu yake. Aliaga dunia mjini Bordighera mnamo Januari 4, 1926, akazikwa Roma katika jengo la kale la Pantheon.

Piza nayo iliendelea na safari yake. Wahamiaji Waitaliano waliifikisha New York, ambako huokwa kubwa na kukatwa vipande vinavyokunjwa kwa mkono. Mjini Chicago, kuanzia mwaka wa 1943, ilianza kuokwa katika chombo chenye kina kirefu, ikajazwa jibini tele. Roma huipenda nyembamba na kavu. Sicilia huipenda nene kama mkate. Ile ya Napoli ni laini katikati na imefura ukingoni, kwani huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu ndani ya tanuri la kuni lenye joto kali. Mnamo 2017, UNESCO iliutambua ufundi wa waokaji wa Napoli kuwa urithi wa binadamu.

Kwa msafiri asiyeujua mji aliofikia, Margherita ndiyo kipimo bora cha mwokaji. Haina nyama wala viungo vingi vya kuficha unga uliokosa kuumuka vizuri, nyanya chachu au jibini duni. Kosa lolote huonekana mara moja.

Kasri la Capodimonte sasa ni jumba la makumbusho, na ufalme wenyewe ulifutwa kwa kura ya maoni mnamo 1946. Jina la malkia limedumu kwa wale waliokuwa na kidogo zaidi cha kumpa: unga, nyanya na jibini.