Ampère: Mwenye Herufi A ya Stima

Ndugu msomaji, hebu tupia jicho swichi kubwa ya stima kwenye karakana yoyote. Utaona maandishi kama 15A au 32A. Hiyo A ni jina la mtu! Ni André-Marie Ampère, Mfaransa. Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu wanachama wenzangu humtaja kila kipindi cha fizikia ilhali hawamjui.

Ampère alizaliwa tarehe 20 Januari 1775 mjini Lyon, akakulia katika kijiji cha Poleymieux. Shule hakwenda. Baba yake alimwachia maktaba ya nyumbani, naye akazama vitabuni kama samaki majini. Alijifunza hata Kilatini ili asome vitabu vya hisabati.

Lakini wahenga walisema dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, baba yake aliyekuwa hakimu alikatwa kichwa. Kijana wa miaka 18 akaacha masomo kwa zaidi ya mwaka. Mwaka 1799 alimwoa Julie Carron, wakajaliwa mtoto wa kiume, lakini Julie naye akafariki mwaka 1803. Jamani, ni nani asingekata tamaa? Ampère alijikaza, akahamia Paris kufundisha hisabati.

Septemba 1820 habari zilifika Paris kwamba Oersted wa Denmark ameona waya wenye mkondo wa umeme ukigeuza sindano ya dira. Ampère hakukawia. Mwezi huo huo alianza kuonyesha kwamba nyaya mbili zilizolazwa sambamba huvutana mikondo ikielekea upande mmoja, na husukumana ikienda pande tofauti. Ndiyo maana vyuma vinavyopitisha umeme katika mitambo mikubwa hufungwa imara. Stima ikipiga shoti, nguvu hiyo huweza kuvipinda.

Alifariki Marseille tarehe 10 Juni 1836, akiwa katika safari ya ukaguzi wa elimu. Mwaka 1881 mkutano wa wataalamu wa umeme mjini Paris ulikipa kipimo cha mkondo jina lake, ampea.

Sasa, namba ile ina maana gani? Ni mpaka, yaani mkondo ambao kifaa kinaweza kuubeba muda wote bila kupata joto la kukidhuru. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huwa mara nne.

Wengi huteleza kwenye stima ya fezi tatu, ile inayoendesha mashine za kusaga posho. Wakiona 32A, wengine hugawanya kwa tatu, ati kila waya ubebe kumi na kitu. Wengine huzidisha, wakadhani waya mmoja waweza kubeba 96. Wote wamekosa! Maana yake ni ampea 32 katika kila waya wa fezi. Hapa Kenya, kati ya fezi na nyutro tunahesabu volti 240. Basi fezi moja hutoa 240 mara 32, yaani wati 7,680, na zote tatu wati 23,040. Hiyo ni hesabu ya vifaa vya kupasha joto. Kwa mota hupungua kidogo.

Kwa hivyo mzigo ugawanywe sawasawa. Fezi moja ikibebeshwa ampea 50 huku nyingine zikipumzika, fezi hiyo imezidiwa, hata kama jumla haijafika 96. Swichi nzuri itakata. Lakini aliyetia kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi amemfukuza askari mlangoni, na moto utaingia bila hodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni nyumba nzima.

Mimi namheshimu Ampère kwa kuwa alifiwa akabaki kufanya kazi. Nawe ukiiona ile A, usiipuuze. Kazi ya kufungua sanduku la stima mwachie fundi aliyesomea. Kwaheri hadi toleo lijalo.