Sheikh Al-Amin Mazrui: Nani Kasema Huna Akili?

Huku mtaani yuko kijana aliyeitwa kichwa ngumu mpaka akaamini. Habari hii ni yake.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, mwanachuoni, alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akasomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali. Zanzibar alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir.

Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili, na 1932 Al-Islah. Miaka hiyohiyo hapa Nairobi, Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alidai ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Sayansi imeshaitupa nadharia hiyo. Sheikh naye, alipotazama kwa nini Waislamu tumebaki nyuma, hakulaumu maumbile. Alilaumu kuacha kusoma, akahimiza elimu ya dini na ya dunia pamoja, wasichana nao wasiachwe.

Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki 1947.

Wazazi, ni kweli watoto hawalingani: huyu hufahamu upesi, yule polepole. Lakini wa polepole naye hufika akipata wa kumsomesha. Ramadhan hii, kabla hujamwita mwanao mjinga, baada ya futari keti naye na kitabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu. Amin.