John Huston na ndege wa zahabu ya uongo

Leo tunaongelea Mwamerika mumoja ambaye kazi yake haikuwa ya shimo, lakini alijua vizuri namna zahabu inavyoharibu urafiki. Jina lake ni John Huston.

Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906, katika Missouri. Baba yake, Walter Huston, alikuwa mucheza-sinema. Kijana alicheza boksi, akaandika hadithi, kisha kampuni Warner ikamupa kazi ya kuandika filme. Mwaka 1941 ikamukubalia kuongoza filme yake ya kwanza: Le Faucon maltais.

Kitabu chenyewe, cha Dashiell Hammett, kilikuwa kimekwisha kutengenezwa filme mara mbili, 1931 na 1936. George Raft, mutu wa jina kubwa wakati ule, alikataa kucheza. Njo nafasi ikamufikia Humphrey Bogart. Franga hazikuwa mingi, kwa hiyo Huston alichora kila kipande kwenye karatasi mbele ya kupiga picha, ili siku zisipotee bure.

Hadithi ni hii: watu wanatafuta sanamu ya ndege. Wanaambiwa ni zahabu na mawe ya bei kali, imepakwa tu rangi nyeusi. Wanadanganyana, wanauana. Mwisho wanaipata, mukubwa wao anaikwangua na kisu: kumbe ni risasi tupu, madini mazito ya bei ndogo. Mutu aliyewahi kuletewa shaba akaambiwa ni zahabu anajua uso ule. Naye mupelelezi Sam Spade anamutoa kwa polisi mwanamuke anayemupenda, sababu alimuua mwenzake wa kazi. Hakumupenda sana yule mwenzake, lakini kazi yao ilikuwa moja.

Filme ilitoka Oktoba 1941, ikapokelewa vizuri. Ilitajwa kwa zawadi tatu za Oscar, haikupata hata moja. Lakini mwaka 1989 Marekani iliiweka kati ya filme 25 za kwanza za kulindwa kama mali ya taifa.

Mwaka 1947, wakati watu wa sinema waliitwa Washington kuulizwa kama ni wakomunisti, Huston alikuwa kati ya wale walioanzisha kamati ya kuwatetea. Mwaka 1948 akatoa Le Trésor de la Sierra Madre: wachimbaji watatu wa zahabu wanaanza kama ndugu, mashaka yanaingia, mumoja anapiga mwenzake risasi usiku. Mwisho unga wote wa zahabu unapeperushwa na upepo. Kwa filme hiyo, yeye na baba yake walipata Oscar usiku uleule.

Mwaka 1951 alifika hata kwetu. Filme The African Queen ilipigwa picha kwenye muto Ruiki, karibu na Ubundu ya leo, kisha Butiaba, ng'ambo ya Ziwa Albert tunaloliona pale Kasenyi. Bogart alipata Oscar yake kwa filme hiyo.

Huston alikufa tarehe 28 Agosti 1987. Ndugu, mbele ya kushuka shimoni na wenzako, mukubaliane namna ya kugawana, muandike, na mashahidi wawepo. Zahabu ikishaonekana, kuelewana kunakuwa nguvu.