Mzee Nsibambi na Wimbo Uliovuka Mipaka

Uwe Nyarusange, uwe Muyinga, au umevuka mpaka uko Kigoma au Uvira, ukianzisha Tukutendereza watu wataitikia tu. Hata bibi ambaye hajawahi kuiona Kampala ataimba, ingawa kutendereza ni neno la Kiganda, yaani kusifu. Umewahi kujiuliza lilitufikiaje? Leo nakupa habari za mmoja wa watu ambao uamsho ule ulianzia kwao: mzee Simeon Nsibambi wa Uganda. Alikuwa Mwanglikana, siyo Mpentekoste, lakini usikunje uso, tuna deni kwake.

Alizaliwa mwaka 1897. Katika Vita Kuu ya Kwanza alihudumu kwenye kikosi cha matabibu, kisha akaajiriwa idara ya afya, Kampala. Kwa Mwafrika wa siku zile hiyo ilikuwa kazi ya heshima kweli. Ila moyo wake ulitaka kwenda kusoma ng'ambo. Alitegemea kupata ufadhili, akanyimwa. Akaumia. Wewe uliyewahi kutafuta jina lako kwenye orodha usilione, unajua uchungu huo.

Ndani ya uchungu ule, mwaka 1922, Mungu alimwonyesha kwamba masomo ya ng'ambo ni kitu kidogo mbele ya uzima wa milele. Hapo ndipo alipogeuka. Sisi ushuhuda wetu mara nyingi unaanza pale ombi linapojibiwa, siyo? Wa kwake ulianza pale aliponyimwa.

Septemba 1929 alikutana na daktari Joe Church kwenye kilima cha Namirembe. Church alikuwa mmishenari wa Gahini, Rwanda, amekuja Kampala akiwa amechoka baada ya njaa kubwa iliyoipiga Rwanda. Mzungu na Mwafrika, enzi za ukoloni, wakakaa siku mbili na Biblia wakitafuta habari za Roho Mtakatifu. Baada ya hapo Nsibambi akaacha kazi na mshahara wake, akawa anazunguka mjini miguu peku akihubiri. Kwa jinsi alivyomuuliza kila mtu kama ameokoka, wapo waliosema amerukwa na akili!

Ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini. Moto ukawaka huko. Lakini Januari 1936 Blasio akafa kwa homa, bado kijana. Moto haukuzimika. Ulishuka hadi huku kwetu Burundi, ambako Waanglikana walikuwa wamefungua misheni ya Buhiga, kati ya Gitega na Muyinga, mwaka 1935. Mwaka huohuo Wapentekoste wa Sweden nao walianza kazi kule Kiremba, kusini.

Sasa nivumilie kidogo hapa. Kuanzia miaka ya 1940 Nsibambi alishikwa na ugonjwa, na muda mwingi akawa mtu wa kukaa nyumbani. Siyo mwezi, siyo mwaka. Ni zaidi ya miaka 30! Tuseme ukweli, wapendwa, jambo hili linatusumbua sisi Wapentekoste. Tunaamini uponyaji, na tumeuona. Ila kwenye ibada ya shukrani anayepita mbele na sadaka yake ni yule aliyepona, aliyejifungua salama, aliyepata kazi. Aliye bado mgonjwa anabaki benchi la nyuma, anampigia mwenzake makofi. Nani alimwambia kwamba yeye hana la kushukuru? Leo kwenye sherehe yetu, ukimwona hapo nyuma, mpishe naye apite.

Maana mzee huyu, angekuwa kwetu, huenda tungemwacha benchi la nyuma. Kumbe nyumba yake Kampala ndiyo ilikuwa mahali watu walipokimbilia. Waliokata tamaa na wahubiri waliochoka walimwendea, akawasikiliza, akawashauri, akaomba nao. Mwanawe Apolo alikuja kuwa waziri mkuu wa Uganda, kuanzia 1999 hadi 2011, lakini baba hakuishi kuyaona hayo.

Alifariki mwaka 1978. Kufikia hapo wimbo ulikuwa umeshapita Rwanda, Burundi, Kenya na Tanzania, na yeye ameketi nyumbani.